Nguvu ya Soda na Kalamu ya Karani

Mwaka 1926 kijana wa miaka 17, mzaliwa wa Vibambani karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga, aliajiriwa kuwa karani katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Alikuwa ametoka masomoni Dar es Salaam. Akatumikia idara ya forodha, Pangani ikiwa kituo chake kinachojulikana zaidi, kisha idara ya wanyama, kisha ofisi ya wilaya ya Tanga, na mwishowe idara ya upimaji ardhi. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikwenda ofisini asubuhi kama makarani wenzake, akashughulika na stakabadhi na hesabu za watu wengine, kisha akarudi nyumbani.

Katika miaka hiyo hiyo aliandika vitabu zaidi ya ishirini: riwaya, insha, mashairi, tenzi, tawasifu, na wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad. Jina lake ni Shaaban Robert.

Wanafunzi humkuta darasani kupitia Kusadikika au Adili na Nduguze, wakafundishwa maudhui, fani na mafumbo yake. Jambo moja huwa linapita bila kuguswa. Mtu huyu, ambaye wengi humhesabu kuwa mwandishi mkubwa kuliko wote wa Kiswahili katika karne ya 20, hakuwa mwandishi wa kuajiriwa. Hakuwa na likizo ya mwaka mzima ya kuandika, wala mfadhili wa kumlipia nyumba tulivu ufukweni Raskazone. Alikuwa na kazi, mshahara wa karani, familia, misiba, na uhamisho wa serikali ambao mtumishi hakuulizwa kama anautaka. Kazi yake yote ya fasihi ilitoka katika saa zilizobaki.

Swali la makala haya ni saa hizo zilizobaki. Kila mji una mtu anayesema ana kitabu kichwani. Tanga wapo wengi: mwalimu wa sekondari Chumbageni, fundi wa baiskeli barabara ya kumi na mbili Ngamiani, mama wa duka ambaye ameona mengi kuliko mwandishi yeyote wa tamthilia. Ukiwauliza kwa nini kitabu hakijaandikwa, jibu ni moja: muda. Wanasubiri wapate muda mrefu, mwezi mmoja hivi, wakae, waandike mpaka wamalize.

Na mara nyingine muda huo hupatikana, ndipo tatizo lenyewe linapojitokeza.

Vijana wa Tanzania wana jina la bidii inayopanda ghafla na kushuka kabla jua halijatua: nguvu ya soda. Uandishi nao una soda zake. Mtu hujiapiza kwamba Januari hii anaandika riwaya. Linaundwa kundi la WhatsApp, watu wanatajiana malengo, na siku ya tatu kila mmoja anatuma picha ya kurasa alizoandika. Wiki ya pili picha zinapungua. Wiki ya tatu kundi limegeuka la salamu za asubuhi na matangazo ya mitumba, na hakuna anayethubutu kuuliza riwaya zimefikia wapi, maana na yeye ataulizwa.

Shindano lililojulikana kuliko yote la aina hii lilianzia Marekani, eneo la San Francisco, mwaka 1999. Chris Baty na wenzake, jumla yao watu 21, walijipa mwezi mmoja kila mtu aandike riwaya. Mwaka uliofuata likahamishiwa Novemba, na kwa jina la NaNoWriMo likaenea dunia nzima, likavuta mamia ya maelfu ya watu kwa msimu mmoja. Kipimo kilikuwa maneno 50,000 kwa siku 30, yaani maneno 1,667 kila siku inayokuja, Jumapili na siku ya mafua zikiwemo. Mwishoni mwa Machi 2025 taasisi iliyoliendesha ilitangaza kwamba inafunga milango.

Haki itendeke: shindano hilo lilizaa matunda. Sara Gruen aliandika humo rasimu ya Water for Elephants, iliyopendwa na wasomaji wengi hadi ikafanywa filamu. Erin Morgenstern naye alianza humo The Night Circus. Lakini tazama mwaka: The Night Circus ilifika madukani mwaka 2011, baada ya rasimu ile ya Novemba kuvunjwa na kujengwa upya kwa miaka kadhaa. Mwezi mmoja ulitoa udongo. Chungu kilifinyangwa baadaye, katika siku za kawaida ambazo hakuna aliyezipigia makofi.

Sasa chukua hesabu ya upande wa pili. Mtu anayeandika maneno 200 kwa siku, siku tano tu za wiki, akipumzika Jumamosi na Jumapili, ana maneno 52,000 mwaka ukiisha. Amelipita lile lengo la Novemba, na hakuna siku hata moja aliyofunga duka ili aandike. Maneno 200 ni chini ya ukurasa mmoja wa kaunta buku. Ni urefu wa ujumbe ambao watu humtumia shemeji wakati wa ugomvi wa mirathi, tena bila kuchoka.

Kwamba kidogo cha kila siku hushinda kingi cha mara moja si jambo la methali peke yake, ingawa Mswahili hakukosa methali za kulisema. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Jambo hilo limepimwa pia. Mwanasaikolojia wa Marekani Robert Boice, aliyetumia miaka mingi kuchunguza kwa nini wahadhiri wa vyuo vikuu hawaandiki, alichapisha mwaka 1983 matokeo ya jaribio alilowafanyia wahadhiri 27 waliokuwa na shida hiyo. Aliwagawa makundi matatu. La kwanza liliambiwa lisiandike ila kwa dharura. La pili liliambiwa liandike pale tu moyo unapotaka. La tatu lilipangiwa nyakati za kuandika, na asiyeandika alipaswa kuona fedha yake ikipelekwa kwa taasisi anayoichukia. Adhabu ya kikatili, lakini ilifanya kazi. Kundi la kusubiri moyo uchangamke liliandika wastani wa ukurasa 0.9 kwa siku. Kundi la ratiba liliandika kurasa 3.2.

Tofauti hiyo pengine ungeikisia. Ambalo wengi wasingelikisia ni hili: Boice aliwataka pia wahesabu mawazo mapya yaliyowajia. Waliongoja msukumo walipata wazo jipya kila baada ya siku mbili hivi. Walioandika kwa ratiba walipata moja kila siku. Watunzi wengi hupenda kuamini kwamba ilhamu huja kwanza na kalamu hufuata. Ushahidi ule mdogo unaonyesha kwamba ilhamu nayo hupenda kumkuta mtu tayari amekaa.

Kuna uchunguzi mwingine unaofaa kujulikana na kila anayeanza. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua tendo dogo la kufanya kila siku baada ya jambo fulani la kawaida, kwa mfano kula tunda kila anapokula chakula cha mchana. Walitaka kujua tendo huchukua muda gani mpaka lijifanye lenyewe, bila mtu kujilazimisha. Wastani ulikuwa siku 66, lakini watu walitofautiana sana, kutoka siku 18 mpaka makadirio ya siku 254. Kwa hiyo habari ya kwamba tabia hujengwa kwa siku 21, inayohubiriwa na kila mzungumzaji wa kuhamasisha, haina msingi katika matokeo haya. Na shindano la siku 30 humwacha mtu mlangoni: kwa wengi linaisha kabla mazoea hayajashika.

Uchunguzi huo ulitoa pia habari njema. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Aliyeteleza siku moja na kurudi kesho yake aliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika mashindano ya mwezi mambo huwa kinyume: ukikosa siku moja una deni la maneno 3,334 kesho, ukikosa mbili ni 5,001 siku ya tatu, na mtu mwenye akili timamu huacha.

Pwani ya kaskazini mwa Tanzania ilikuwa na utaratibu wake wa kuwafanya watu waandike mara kwa mara kabla hajazaliwa Boice wala Lally. Sehemu ya utaratibu huo ilikuwa umbo lenyewe la utungo. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vipande vitatu vya mwanzo hushika kina kimoja. Cha nne hubeba kina cha bahari kinachorudi ubeti kwa ubeti mpaka mwisho. Jumla ni mizani 32. Ubeti mmoja unaweza kutungwa kichwani mtu akitembea kutoka nyumbani hadi sokoni, ukasahihishwa wakati wa kungoja chai, ukaandikwa jioni. Umekamilika, una mwanzo na mwisho wake, na kesho unaungwa mwingine. Riwaya haina kipimo kidogo kama hicho, na huenda ndiyo sababu mwandishi wa riwaya huona mlima pale mtunzi wa tenzi anapoona ngazi.

Watunzi wa ukanda huu walilijua hilo. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mtu wa Tanga, alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi (Wajerumani) kuitwaa Mrima, yaani mapambano ya miaka ya 1888 na 1889 yaliyoanzia Pangani chini ya Abushiri bin Salim. Hakuishia hapo, ana tenzi nyingine ndefu zenye visa vya dini, kama ule wa Abdirrahmani na Sufiyani. Mtu hatungi tenzi kubwa kadhaa kwa nguvu ya soda.

Shaaban Robert alirithi umbo hilo na kulibebesha mzigo mkubwa. Utenzi wa Vita vya Uhuru, unaosimulia Vita Kuu ya Pili tangu 1939 hata 1945, una beti zipatazo elfu tatu. Zidisha kwa mizani 32 na utakuwa na mizani takriban elfu tisini na sita, kila moja imehesabiwa, kila kina kimetafutwa. Ukiitazama kazi hiyo kwa ujumla inatisha. Ukiigawa inakuwa kitu kingine: beti tatu kwa siku humaliza utenzi wa ukubwa huo kwa siku elfu moja, yaani chini ya miaka mitatu, na vita vyenyewe vilichukua sita.

Sehemu ya pili ya utaratibu wa pwani ilikuwa magazeti. Hapa Tanga ina historia ambayo haijivunii vya kutosha. Wamisionari Waanglikana wa UMCA huko Magila, Muheza, walikuwa wakitoa Habari za Mwezi tangu miaka ya 1890. Mwanzoni mwa karne ya 20 shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga ikaanza kutoa Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililochapwa shuleni hapo hapo na kuendelea mpaka Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya Waingereza kushika nchi, Mambo Leo likaanza Dar es Salaam mwaka 1923. Yote haya yalitoka kwa mwezi, na yote yalihitaji watu wa kuyaandikia: walimu, makarani, matarishi, watu wa kalamu waliotawanyika bara na pwani. Gazeti la mwezi humpa mwandishi tarehe ya kudumu ambayo haimtishi. Ukikosa toleo hili, lijalo lipo.

Ndani ya kurasa za Mambo Leo, ambamo mashairi ya Shaaban Robert yalitokea, palikuwa na jambo lenye nguvu kuliko tarehe: kujibizana. Mtunzi hutupa hoja kwa shairi, wa mji mwingine humjibu kwa bahari ile ile, wa tatu huingilia kati, na wa kwanza hawezi kunyamaza maana ataonekana ameshindwa. Aibu ya kushindwa hadharani ilikaa mahali pa ile fedha ya wahadhiri wa Boice. Ni tabia ya kale Uswahilini, toka enzi za Muyaka bin Haji na watunzi wa Mombasa na Lamu waliorushiana beti za vita na mapenzi. Mtunzi wa pwani mara chache alikuwa peke yake chumbani akisubiri moyo utulie. Alikuwa na mtu anayemngojea ajibu.

Halafu kuna barua. Kati ya mwaka 1931 na 1958 Shaaban Robert alimwandikia nduguye, Yusuf Ulenge, barua ambazo zilihifadhiwa na kutolewa kuwa kitabu na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2002, Barua za Shaaban Robert. Ni miaka 27 ya kuandikiana. Mle mna habari za nyumbani, za kazi, za vitabu na shida za kuvichapisha, mambo ambayo ndugu wawili wangezungumza barazani kama kazi zisingewatenganisha. Waandishi chipukizi wakisikia neno fasihi huwaza kitabu; mara chache huwaza barua. Lakini mtu anayemwandikia nduguye kwa miaka 27, kwa lugha iliyopangika, anaunyoosha mkono wake bila kujua kwamba yumo mazoezini. Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, tawasifu yake, ina utulivu ule ule wa mtu aliyezoea kueleza mambo yake kwa mtu mmoja anayemheshimu.

Je, hii ni tabia ya watu wa hapa tu? Hata kidogo. Mwingereza Anthony Trollope alifanya kazi posta kwa miaka 33, na husifiwa kwa kuleta masanduku ya barua ya barabarani katika nchi yao. Alimlipa mtumishi wake pauni 5 za ziada kwa mwaka, kazi yake ikiwa kumwamsha na kumletea kahawa, ili saa kumi na moja na nusu alfajiri awe mezani. Aliweka saa mbele yake na kudai kutoka kwenye kalamu maneno 250 kila robo saa. Akimaliza riwaya kabla muda wa asubuhi haujaisha, alichukua karatasi nyingine akaanza inayofuata. Aliacha riwaya 47. Alipoeleza mambo haya katika tawasifu iliyotoka mwaka 1883, baada ya kifo chake, wahakiki wengi walimshusha hadhi. Walitaka msanii, wakapewa fundi. Huko Misri Naguib Mahfouz alikuwa mtumishi wa serikali mpaka alipostaafu mwaka 1971, akaandika jioni baada ya kazi, na mwaka 1988 akapewa Tuzo ya Nobel.

Na kuna Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi cha siasa, Kenya: Twendapi?, akakaa kifungoni mpaka 1972. Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika humo kwa siri, kwenye karatasi za chooni. Kitabu kilitoka 1973, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi. Mfano wake hautajwi hapa ili kumwaibisha mwenye kulalamikia umeme uliokatika, ingawa akiaibika kidogo si vibaya. Unatajwa kwa sababu karatasi ya chooni haipokei sura nzima ya riwaya kwa mara moja. Inapokea beti chache, zilizokwisha pikwa kichwani.

Watetezi wa mashindano wana hoja moja yenye uzito. Tarehe ya mwisho humtoa mtu usingizini. Tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2023, zimewafanya Watanzania wengi watoe miswada iliyolala kabatini. Hilo ni jema, na fedha ya tuzo si ya kudharauliwa katika nchi ambako mrabaha wa vitabu haumlipii mtu kodi ya nyumba. Lakini neno muhimu hapo ni miswada iliyolala. Tuzo humfaa zaidi aliyekwisha andika. Anayeanza kuandika riwaya tangazo likitoka, akiwa na wiki sita, atapeleka kitu ambacho hata yeye hajapata muda wa kukisoma mara ya pili. Kiswahili kinadai usomaji huo wa pili kuliko lugha nyingi: upatanisho wa ngeli ukiteleza katika sentensi moja, msomaji wa Pemba au Lamu atakufa kwa kicheko kabla hajafika kwenye kisa.

Kuna wakati mbio zenyewe zinafaa. Mswada uliobaki sura mbili unaweza kumalizwa kwa likizo ya wiki moja, na ni vizuri kufanya hivyo. Mwalimu Nyerere, aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare akiwa kiongozi wa nchi, moja ikatoka 1963 na nyingine 1969, hakika hakuwa na siku zinazofanana. Utaratibu si lazima uwe wa saa ile ile kila siku. Mvuvi wa Deep Sea au Mwarongo hapa Tanga anayekwenda na maji hana saa ya ukutani. Maji hubadilika kila siku kwa karibu dakika hamsini, na yeye hubadilika nayo. Mtu kama huyo akiandika baada ya kuteremsha samaki, iwe asubuhi au alasiri, ana utaratibu imara kuliko karani mwenye ratiba ya ukutani asiyoifuata. Kitu cha kushikilia ni jambo linalotangulia, ndivyo walivyofanya watu wa Lally: baada ya swala ya alfajiri, baada ya watoto kwenda shule, baada ya kufunga hesabu za duka.

Kwa mtu wa Tanga anayetaka kuanza, vifaa havigharimu sana. Kaunta buku moja na kalamu mbili zinatosha kwa miezi kadhaa. Simu nayo inafaa, kwa sharti kwamba intaneti imezimwa, kwa kuwa hakuna adui wa aya ya pili kama ujumbe unaoingia katikati ya aya ya kwanza. Anayekosa nafasi nyumbani ana maktaba ya mkoa, ile iliyojengwa enzi za Waingereza kwa jina la King George VI, yenye meza na ukimya. Lengo la wiki za mwanzo liwe dogo kiasi cha kuchekesha: sentensi tano, au ubeti mmoja. Likiwa dogo, siku ya homa hailikwamishi; likiwa kubwa, siku ya harusi ya jirani inalivunja, na Tanga harusi haziishi. Ni busara pia kuachia kazi mahali ambapo unajua kinachofuata, ili kesho usianze kwa kukodolea macho karatasi.

Jambo la mwisho ni kupata wa kumjibu. Kujibizana kumehama kutoka Mambo Leo kwenda kwenye simu, na kundi la WhatsApp lile lile lililokufa Januari linaweza kufufuliwa kwa kazi ndogo zaidi: watu wawili tu, kila Ijumaa mmoja anamtumia mwenziwe ukurasa, na mwenziwe analazimika kusema kitu kabla ya Jumatatu. Asihesabiwe mtu maneno, wala asipigiwe makofi. Aulizwe tu ukurasa uko wapi.

Hakuna anayeahidiwa kuchapishwa haraka. Shaaban Robert mwenyewe, aliyepata Nishani ya Margaret Wrong na heshima ya MBE akiwa hai, alihangaika na wachapishaji hata akaanzisha kampuni yake ya uchapishaji hapa Tanga, na sehemu nzuri ya kazi zake hakuiona ikiwa vitabu. Alifariki Juni 1962. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulitoka 1967, Kufikirika mwaka huo huo, na Utubora Mkulima pamoja na Siku ya Watenzi Wote vikafuata 1968, vyote kutokana na miswada ambayo karani alikuwa amekwisha kuimaliza.